Vidole Viwili Chini ya Futi

9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Sisi tuko salama, na naamini nawe u salama, maana ungekuwa unaumwa ungeandika. Wewe bila homa hushiki kalamu. Mama anakusalimu sana. Miguu inamsumbua asubuhi ila mdomo hauna shida yoyote, na kila anayeingia dukani kwangu lazima asimuliwe kwamba mwanawe ni fundi katika hospitali kubwa. Shemeji yako yuko palepale kiwanda cha sabuni. Siku hizi ananukia kuliko mimi, na hilo halinifurahishi.

Kilichonikalisha niandike ni hiki. Nilikuwa namshonea Chiriku sketi ya shule. Nikamvalisha, nikaona pindo limeshuka upande mmoja. Nikalifumua, nikashona upya, likashuka tena. Nikajilaumu, nikasema macho yameanza kuzeeka. Nilipofumua mara ya tatu nikamsimamisha mbele ya kioo cha wateja akiwa na shimizi tu, nikaona sketi haina kosa. Bega lake la kulia liko juu, na nyonga moja imetokeza. Nikamwambia ainame aniokotee uzi. Mdogo wangu, upande mmoja wa mgongo ulinyanyuka kama mtu ameficha sahani chini ya ngozi. Sindano nikaiweka chini.

Daktari wa hapa amempiga eksirei. Anasema uti wa mgongo umepinda, na kwa kuwa yuko kwenye umri wa kurefuka, utazidi kupinda. Ametuandikia twende hospitali ya rufaa, wanakovalisha watoto koti gumu la kuuzuia mgongo. Si hospitali yenu, nayo ni mbali, na foleni yake inasifika. Nikamwambia, daktari, hayo makoti ndiyo kazi ya ndugu yangu wa tumbo moja. Akasema basi mna bahati.

Sikuandikii ili uache kazi zako, najua watu wanavyokungoja. Niambie tu la kufanya. Picha ya eksirei nimeibana kati ya vipande viwili vya boksi, nayo inakuja na barua hii.

Dada yako

Shikamoo Mjomba. Nimengoja mama aende kumjaribisha mteja shati ndiyo nikachukua kalamu. Ni kweli kazini kwako kuna mifupa ya mtu mzima imening'inizwa? Ina jina? Halafu kichwa kina mifupa mingapi? Mwalimu anasema mmoja, mimi nasema miwili kwa sababu taya linacheza. Alinitoa nje. Nikaendelea kumwambia kupitia dirishani. Ni mimi, Chiriku.


2 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Nimezipokea salamu zote, na zangu mpe Mama kabla hujasoma zaidi, maana najua amesimama nyuma yako. Mwambie asikae na miguu hiyo, aitembeze. Shemeji mwambie sabuni haijamdhuru mtu. Mimi sijambo. Nimehamia chumba kingine, kina dirisha linalotazama maegesho ya magari ya wagonjwa, kwa hiyo usingizi naupata vipande vipande.

Picha ya Chiriku nimeiweka kwenye taa na nimeitazama muda mrefu. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangana: saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno, halafu zile zilizoshikana na kuingia katikati ya nyonga. Mbavu zinatoka kwenye pingili za kifua, kumi na mbili kila upande. Nyingi zinazunguka mpaka mbele, zikashikizwa kwa gegedu, ule mfupa laini, kwenye mfupa wa kidari. Mbili za mwisho hazifiki, zinaishia njiani. Sasa, pingili za Chiriku za katikati ya kifua zimekwenda kulia, na si kwenda tu, zimejizungusha. Zikijizungusha zinaziburuta mbavu. Sahani uliyoiona ni mbavu zake mwenyewe zimesukumwa nyuma. Upande wa pili mbavu zimebanana, na pafu la huko ndilo tunalolichunga.

Koti linafanya kazi kwa kusukuma. Ndani tunaweka pedi inayokandamiza pale palipotokeza, na upande wa pili tunaacha uwazi ili mwili ukimbilie huko. Nipimie mzunguko wa kifua chini ya kwapa, mzunguko chini ya mbavu, kiuno na nyonga, na urefu kutoka kwapa hadi nyonga kila upande.

Kwa kawaida mtoto huletwa hapa, tunamfunga plasta ya kuganda, tunalipata umbo lake lilivyo. Mkuu wa karakana hapendi kazi ya kupimiwa kwa barua, ila nimemwambia anayepima ni fundi kuliko mimi. Likizo ninayo, ningeweza kuiomba nije mwenyewe. Sijui wewe unaonaje. Nakuachia.

Mdogo wako

Marahaba, Chiriku. Mifupa ipo, imetundikwa kwenye ndoano kona ya karakana. Tunamwita Mzee Kimya, kwa sababu ni yeye peke yake humu ndani asiyelalamikia chai. Kuhusu kichwa, mwalimu amekosea na wewe umekosea. Fuvu lina mifupa ishirini na miwili. Taya ndilo linalocheza, iliyobaki imeunganishwa kwa mishono, mishono kabisa, imepindapinda kama ya mtu aliyeanza cherehani jana. Ulipozaliwa mishono hiyo ilikuwa haijafunga, ndiyo maana utosi wa mtoto mchanga unadunda. Fuvu lote limekaa juu ya pingili ya kwanza ya shingo, ambayo ni pete tu, na hapo ndipo unapoitikia ndiyo. Pingili ya pili ni ya kukataa. Nasikia kwako hiyo ya pili haipumziki.


29 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imetukuta wazima. Mama ameanza kutembea hadi kwa muuza mkaa na kurudi, anasema ni amri ya daktari, na daktari ni wewe. Shemeji yako amewekwa zamu ya asubuhi, sasa namwona akiwa macho.

Vipimo vyote viko kwenye karatasi ya pili. Nimempima mwenyewe, mara mbili, kwa mkono uleule uliokufundisha wewe kupima. Hakutulia hata kidogo. Kila nikimzungushia futi anaitikia ndiyo na kukataa, anasema anafanyia kazi pingili zake. Nimechoka na pingili. Juzi kawaambia wateja wangu kwamba vichwa vyao vimeshonwa, na mmoja ameniuliza kama na mimi nashona hivyo.

Kuhusu kuja, usijisumbue. Mtu hang'olewi kazini kwa ajili ya mgongo wa mtoto mmoja, na huko una watoto wamepanga foleni. Tutaweza.

Sare za shule zimekuja kwa mkupuo, nina mikono miwili tu. Chiriku ananisaidia kufunga vifungo na kunipa taarifa za mtaa mzima.

Dada yako

Mjomba, Mzee Kimya alikuwa nani kabla? Kuna mtu anamtafuta? C.


8 Mei

Dada yangu, shikamoo.

Nawasalimu nyote. Nimefurahi Mama anatembea. Huku joto la tanuri linatutoa jasho, tunafungua milango yote na bado plastiki inalainika kabla hatujaitaka.

Koti limo ndani ya kifurushi hiki. Nilikuwa nalitengeneza baada ya saa za kazi, nikiwa na picha yake kwenye taa mbele yangu. Nimechagua plastiki yenye michoro ya ndege. Wenzangu wakanicheka, wakasema huyu mpwa wako ataruka. Nikawaambia mdomo wake unaruka tayari.

Nisikilize vizuri. Alivae juu ya fulana nyepesi isiyo na mshono ubavuni. Alivae mchana na usiku, alivue kuoga tu. Mikanda mitatu ya nyuma uikaze mpaka kwenye alama nilizoweka. Siku za mwanzo atalia. Linabana, kazi yake ni kubana, na mtamwonea huruma. Msilivue.

Chiriku, Mzee Kimya nilimkuta hapa, na waliomleta walishastaafu. Sikuwahi kuuliza alikuwa nani. Umenifanya nimtazame vingine. Nimempangusa vumbi usoni.

Mdogo wako


6 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa kila mmoja, hata kwa muuza mkaa, maana sasa ni rafiki wa Mama. Mimi mzima. Cherehani ilikatika mkanda, nikakaa bila kazi mpaka shemeji yako akaurekebisha kwa kipande cha kiwandani. Sasa hata cherehani inanukia sabuni.

Koti limefika, na nataka ujue jinsi Mama alivyolishika. Alilipapasa kama mtoto mchanga, akasema, "Hili kalishona mwanangu?" Nikamwambia Mama, hili halishonwi, linachomwa. Akasema ni yaleyale.

Chiriku hakulia. Ulituambia atalia, nikajitayarisha, shemeji yako akatoka nje kabisa asisikie. Nikamkaza mikanda mpaka kwenye alama zako. Akajigeuza huku na huku, akasema, "Mbona halina neno?" Analala nalo, anakwenda nalo shule, anaruka nalo kamba. Jirani yangu ambaye mtoto wa dada yake aliwahi kuvaa la namna hiyo aliona, akasema yule wao alikuwa analia hadi anatapika. Nikamwambia inategemea fundi. Nisamehe, nilijisifu kwa niaba yako.

Dada yako

Mjomba, nimewaambia darasani kuna ndege kumi na tisa kwenye koti langu. Ukihesabu na aliyekatwa kichwa na mkanda ni ishirini. Asante kwa kumpangusa mzee. C.


30 Juni

Dada yangu, shikamoo.

Pokeeni salamu zangu zote kwa pamoja, leo naandika haraka, nimekaa kwenye benchi la kazi na plasta mikononi.

Barua yako nimeisomea karakana nzima. Sijui nikueleze vipi nilivyojisikia. Mwaka mzima mtu unatengeneza makoti ya watoto wa watu, unawaona wakilia, unawakazia, unarudi nyumbani na kilio chao masikioni. Halafu wa kwenu mwenyewe anavaa na kuruka kamba. Mkuu wa karakana alikunja uso akaniuliza, "Halimbani kabisa?" Nikamwambia kila mtoto na mwili wake. Akarudi kwenye kazi yake. Ana tabia ya kuharibia watu furaha.

Mwambie Chiriku namwongezea ndege kwenye koti lijalo. Mama mbusu paji la uso, ule mfupa wa mbele wa fuvu, Chiriku ataujua.

Mdogo wako


28 Agosti

Mdogo wangu,

Utanisamehe kwa kukaa kimya. Mama aliteguka mguu akitoka kwa muuza mkaa, sasa yuko kitandani na anaendesha nyumba kutoka hukohuko. Shemeji yako hajambo. Duka lina kazi za harusi, na bibi harusi mmoja amenibadilishia gauni mara nne.

Chiriku amekua. Sketi niliyomshonea mwanzo wa mwaka imepanda juu ya goti. Pia ametulia. Nadhani ndio ukubwa unaingia. Zamani nilikuwa naomba Mungu anipe dakika moja ya kimya mle dukani, sasa amenipa na zaidi. Akirudi shule anakaa kwenye kile kiti cha wateja, anaegemea ukuta. Akianza kusimulia jambo anaishia katikati, anasema atamalizia baadaye. Ngazi za shule zinamchosha, mwalimu ameniambia. Nampa maziwa.

Koti bado analivaa sawasawa, hajalikataa hata siku moja. Bega nalo naona kama limepanda kidogo, ila labda ni macho yangu.

Anasema atakuandikia mwenyewe. Leo amelala mapema.

Dada yako


12 Septemba

Dada yangu, shikamoo. Mama pole.

Nijibu haya matatu, hata kama ni kwa mstari mmoja, na uipeleke barua posta siku hiyohiyo. Ukimvua koti, kuna alama nyekundu kwenye mbavu zake za kulia? Likiwa limekazwa, kiganja chako kinapita kati ya koti na mwili? Na ulipompima, ulipimaje?

Usingoje jibu langu. Mpeleke kwa daktari amsikilize kifua.

Mdogo wako


1 Oktoba

Mdogo wangu,

Umenitia wasiwasi kwa barua fupi hivyo, hata jina la mtoto hukulitaja. Mama anaendelea, mguu umepungua kuvimba. Sisi wengine tupo.

Najibu. Alama hakuna, namshukuru Mungu, ngozi yake ni safi kama ya mtoto mchanga. Kiganja kinapita, tena bila shida, huwa napitisha nikimnyooshea fulana. Na kupima nilipima kama ninavyopima siku zote, kama nilivyokufundisha kwenye kile kibaraza cha nyumbani: futi juu, vidole viwili chini yake, ili mtu apate pa kupumulia. Ungetaka nipimeje? Mtoto gani anapimwa bila nafasi?

Kwa daktari tumekwenda. Ameanza kukohoa wiki iliyopita, kikohozi kidogo tu. Alimgongagonga mgongo, akamsikiliza, akaniuliza kwa nini hatukwenda hospitali ya rufaa alipotuambia. Nikamwonyesha koti. Akalishika akapitisha mkono ndani, kisha akaliweka kando. Anasema mgongo umezidi sana na mbavu za kushoto hazifunguki akivuta pumzi. Amempa dawa na karatasi nyingine ya rufaa. Tunaondoka shemeji yako akipata ruhusa.

Kuna jambo hutaki kuniambia. Nimekulea, nakujua.

Dada yako


17 Oktoba

Dada yangu, shikamoo.

Wasalimie wote. Hakuna jambo ninalokuficha ila hili, na nalisema wazi: nililikata koti vibaya. Nilikosea kwenye kumwaga plasta, umbo likatoka nene, nami sikulipima upya kama inavyotakiwa. Vipimo vyako havikuwa na tatizo. Mtu yeyote humu karakana akikuuliza, mwambie hivyo.

Nimetengeneza jingine kwa siku chache nilizopata, liko kwenye kifurushi. Hili litabana. Ataona kama limeshika roho yake, na hapo ndipo linapofanya kazi. Lakini msimvalishe kabla daktari wa rufaa hajaliona na kumsikiliza kifua. Msingoje ruhusa ya kiwandani, Dada. Nendeni leo.

Chiriku wangu, huku Mzee Kimya anakuulizia. Anasema tangu uache kuandika hana wa kumjibu. Niandikie hata neno moja, hata tusi.

Mjomba wako, mdogo wako


25 Novemba

Mdogo wangu,

Mama yupo. Shemeji yako yupo. Mimi nipo.

Chiriku hatunaye. Nimekaa na karatasi hii siku nyingi nikitafuta namna nyingine ya kuliandika hilo, haipo.

Kile kikohozi kilishuka kwenye pafu la kulia, lile zima. La kushoto lilikuwa limebanwa na mbavu, halikuweza kumsaidia. Tulifika rufaa akiwa anapumua kwa mabega. Walimpokea vizuri, sina neno nao, kila mtu alikimbia. Daktari wa kule, mwanamke, alinichorea mbavu kwenye karatasi ili nielewe. Nilitaka kumwambia usinichoree, mimi najua zote, mwanangu alinifundisha zote, hata zile mbili zinazoishia njiani.

Alikuwa na akili zake mpaka karibu na mwisho. Hakuwa na pumzi ya kusema. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, mdogo wangu. Mtoto yule, amejaa maneno, ananitazama nayo mdomoni na hawezi kuyatoa. Alikuwa anaitikia kwa kichwa na kukataa kwa kichwa tu. Nikamuuliza unaumwa, akakataa. Nikajua ananidanganya.

Tumemzika bila koti. Shemeji yako alitaka avalishwe, kwa sababu ya wale ndege, nikakataa.

Kifurushi chako tulikikuta tuliporudi. Kiko juu ya meza ya kukatia. Sijakifungua.

Dada yako


9 Desemba

Dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na nikabaki pale mpaka wenzangu wakaja kunitoa.

Nilimpenda. Nilikuwa nakwenda posta nikiwa nimeshafikiria atakuwa ameuliza nini. Mkuu wa karakana aliniambia nikae nyumbani, nikakataa, kisha mtoto wa kwanza aliyeletwa kufungwa plasta nikashindwa kumfunga. Nilimshika mbavu, mikono ikakataa. Sasa wamenipa kazi ya kukata mikanda.

Nakuomba jambo moja. Usitafute kosa mahali pengine. Kosa ni langu. Nilikata vibaya, kama nilivyokuandikia, na mkuu aliponiuliza nikajibu kwa kiburi. Mwambie shemeji hivyo, mwambie Mama. Ni haki yao wajue ni nani.

Ningekuja kwenye kaburi lake. Sina uso wa kuja mbele ya Mama, wala mbele yako. Nitakuwa naandika.

Mdogo wako


6 Januari

Mdogo wangu,

Mama anakula kidogo. Shemeji yako amerudi kazini, akitoka anakaa nami dukani akiokota pini zilizoanguka. Sare za mwaka mpya zimeletwa, vitambaa vimefika dari, sijakata hata kimoja, kwa sababu sikuwa naweza kushika futi.

Jana niliishika. Nilifungua kifurushi chako. Nikaliweka koti jipya kando ya lile la kwanza, nikapitisha futi ndani ya la kwanza. Lina vipimo vilevile nilivyokuandikia mwezi wa tatu, hivyo ninavyo kichwani, hukukosea hata unywele. Nikapitisha ndani ya la pili. Ni jembamba kwa nafasi ya vidole viwili. Nikajizungushia futi kiunoni mwangu nione, na vidole vyangu vikaingia chini yake bila mimi kuviambia.

Umeniandikia mara mbili kwamba ulikata vibaya. Wewe hujakata vibaya tangu nilipokupa mkasi. Najua kwa nini umesema hivyo na nakupenda kwa hilo, lakini usinibebee. Ni mkono wangu. Yule daktari mwanamke aliniambia kuna migongo inayopinda hata ndani ya koti lililobana, na kwamba wa Chiriku ulikuwa na haraka. Sijui alisema hivyo kwa kuwa ni kweli au kwa kuwa aliniona uso. Nimelichukua hivyohivyo, maana siku nyingine sina kingine cha kushika.

Lakini nina hasira nawe, na nataka uijue. Si ya koti. Uliniandikia kwamba ungeweza kuja, halafu ukaniachia mimi niseme. Mimi mkubwa wako, ningekuombaje? Nikaandika usijisumbue, na huku nafunga bahasha nikitaka uje, nikitaka usome nilichoandika kisha unikatalie. Ungeingia mlangoni, ungemshika mbavu kwa mkono wako mara moja tu, ungeniona ninavyopima. Wewe ulikuwa unangoja niseme, mimi nilikuwa nangoja uje, na mtoto alikuwa katikati yetu akirefuka.

Basi sasa nasema. Njoo. Unasema huna uso wa kuja. Njoo bila uso. Sitaki salamu, sitaki maelezo ya mifupa, sitaki karatasi yenye mwandiko wako. Nataka mtu aliyemjua anavyoongea akae kwenye kile kiti aniambie maneno yake, kwa sababu Mama akianza analia, na baba yake hawezi, na mimi nimeanza kuyasahau.

Barua hii usiijibu.

Dada yako